Kuviringa karatasi: Kazi nzuri kwa vidole, lakini chunga kano na macho

Mwalimu mmoja mstaafu, mama wa miaka 60 na ushei, alinijia kliniki akiwa amekasirika. Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa ameteleza bafuni, akaangukia kiganja na kuvunjika mfupa wa mkono wa kulia karibu na kifundo. Mfupa ulikuwa umeunga vyema, plasta ilikuwa imetolewa baada ya wiki sita, na kwenye picha ya eksirei sikuona la kulalamikia. Kilichomkasirisha ni benki. Mara mbili karani alikuwa amemrudishia fomu ya kutolea pesa za pensheni kwa kuwa sahihi yake haikufanana na ile waliyokuwa nayo.

"Daktari, mwanangu," akaniambia, "mkono huu umefundisha watoto kuandika kwa miaka 31. Leo haujui kuandika jina la mwenyewe."

Nilimshika vidole. Vilikuwa vimevimba kidogo, vigumu kama vijiti, na kidole gumba hakikuweza kufika kwenye ncha ya kidole cha mwisho. Nikamwuliza kuhusu mpira mdogo wa kuminya niliompa siku plasta ilipotolewa. Alikuwa amempa mjukuu wake acheze. Kuketi mchana kutwa ukiminya mpira, alisema, ni kazi ya mtu asiye na kazi.

Hili si jambo la kuchekea. Wagonjwa wengi hudhani kwamba plasta ikishatoka matibabu yamekwisha, ilhali hapo ndipo kazi huanza. Mkono uliokaa wiki sita bila kutumika hukakamaa. Kano hushikamana na nyama za kandokando, na ngozi inayozunguka viungo hujikaza. Vidole visiporejeshwa kazini katika miezi ile ya kwanza, huenda vikabaki hivyo maisha. Mtu hupona mfupa lakini akapoteza mkono.

Nilimwandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Alipokuwa akiondoka alinidokezea kuwa mjukuu wake amemletea kutoka shuleni kazi ya kuviringa vijikaratasi kuwa maua, akauliza kama mkono wake utaiweza. Nilimjibu harakaharaka, macho yangu yakiwa kwenye faili ya mgonjwa aliyefuata, kwamba hiyo ni kazi ya watoto. Nilikosea, na ndiyo sababu ya makala haya.

UFUNDI WENYEWE

Kazi hii huitwa kwilingi. Mtu huchukua tepe nyembamba za karatasi, akaviringa moja moja kuwa kiviringo, akabinya kila kiviringo kupata umbo alitakalo, kisha akayapanga maumbo hayo na kuyabandika kwenye kadi, fremu ya picha au boksi. Ni ya zamani. Watawa wa Ulaya walipamba vitu vya ibada kwa vipande vya karatasi vilivyokatwa kwenye kingo za vitabu zilizopakwa dhahabu, na inasemekana jina lenyewe limetokana na unyoya wa ndege uliotumika kuviringia. Katika karne ya 18 ikawa kazi ya mabibi wa nyumba za kitajiri huko Uingereza.

Hata katika riwaya ya Jane Austen, Sense and Sensibility, iliyotoka mwaka 1811, kuna msichana anayetengeneza kikapu cha namna hii usiku, na mwenyeji wake anamwonya kwamba mwanga wa mshumaa utamuumiza macho. Nitarudi kwa onyo hilo baadaye, kwa sababu wasomaji huniuliza vivyo hivyo kila stima inapopotea.

Hapa kwetu tunayo kazi iliyo ndugu yake wa karibu. Akina mama wengi wa Kenya na Uganda hukata kurasa za majarida ya zamani kuwa pembetatu ndefu, wakaziviringa juu ya kijiti, wakapaka gundi kisha vanishi, wakapata shanga. Aliyewahi kutengeneza shanga hizo ataona kwilingi ni jambo alilolijua nusu.

Ukinitazama kama daktari, utajua kwa nini ufundi huu ulinivutia nilipoufikiria upya. Ili kuviringa utepe, kidole gumba na cha shahada lazima vikutane ncha kwa ncha, vibane kwa nguvu ndogo, vizungushe, kisha viachie taratibu. Ndiyo miondoko ile ile ya kufunga kifungo cha shati, kushika kalamu, kugeuza ufunguo mlangoni na kutoa sarafu mfukoni. Mpira wa kuminya hufunza kiganja kukaza. Haufunzi vidole adabu.

KUANZA BILA GHARAMA

Usikimbilie kununua vifaa. Anza na karatasi ya A4 yenye rangi, iliyo nzito kidogo kuliko ile ya mashine ya kunakilia. Karatasi ya kawaida ya ofisini ni gramu 80 kwa mita mraba. Ya gramu 100 hadi 120 hushika umbo vizuri zaidi. Gazeti ni laini mno na wino wake huchafua vidole. Manila nayo ni ngumu kuviringa, ila ni nzuri kwa kuwa msingi wa kubandikia.

Mafundi hupenda utepe wa upana wa milimita 3. Ukikata karatasi ya A4 kwa urefu wake utapata tepe 70 za namna hiyo, kila moja ikiwa na karibu sentimita 30. Lakini mimi humshauri anayeanza aanze na milimita 5, na mwenye vidole vigumu, au aliyevuka miaka 60, aanze na milimita 10. Utepe mpana hushikika, na kosa lake huonekana mapema. Hakuna atakayekuuliza kwa nini maua yako ni manene.

Kukata ndiko kunakoleta damu. Tumia rula ya chuma, si ya plastiki, kwa maana wembe hupanda juu ya plastiki na kuingia kidoleni. Weka kadibodi chini, simama badala ya kuketi, na usikate ukiwa umechoka. Ukijikata, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, kisha funga. Jeraha lenye kina kirefu, au kidole kisichoweza kukunjika au kunyooka baada ya kukatwa, si la kufunga nyumbani. Huenda kano imekatika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Cha kuviringia chaweza kuwa kijiti cha meno kilichopasuliwa ncha kidogo, utepe ukaingizwa katika ule ufa. Wengine hukata juu ya tundu la sindano kubwa ili kubaki na ncha mbili kama uma, wakaichomeka kwenye kizibo. Ni kifaa kizuri, ila kipande cha chuma huruka kinapokatwa. Funika sindano kwa kitambaa kabla ya kuibana kwa koleo, na uvae miwani. Nimewahi kutoa vichuma machoni mwa watu waliokuwa wakifanya kazi ya dakika moja tu.

Jambo moja ambalo maduka hayasemi: vifaa vingi vya kuviringia vina mpini mwembamba mno. Mpini mwembamba humlazimisha mtu kubana kwa nguvu, na kubana ndiko kunakochosha kano. Zungushia mpini kipande cha sponji au kitambaa hadi unene wake ukaribie kidole chako gumba, ukaze kwa mpira. Utaona tofauti siku ya kwanza.

Sasa viringa. Ingiza mwanzo wa utepe kwenye ufa, zungusha kifaa kwa mkono mmoja huku mwingine ukiuongoza utepe, bila kuuvuta sana. Ukifika mwisho, chomoa kiviringo na ukiache kifunguke. Hapa wanaoanza hulalamika kuwa kila kiviringo kinatoka na ukubwa wake. Dawa ni rahisi: kitumbukize ndani ya kifuniko cha chupa ya soda, kifungukie humo. Vyote vitalingana. Tia tone la gundi lisilozidi kichwa cha pini kwenye mwisho wa utepe, ushikilie mpaka ukamate. Mwisho huo ukiuchana kwa mkono badala ya kuukata, alama ya kiungo haitaonekana sana.

Ukibinya upande mmoja utapata umbo la tone la maji. Ukibinya pande mbili zinazoelekeana utapata jani. Matone matano yakikutana ncha zao ni ua, na kwa wiki mbili za mwanzo hayo yatosha. Anayeanza na tausi huishia kuitupa kazi yote kwenye pipa.

GUMBA LANGU

Baada ya wiki sita mwalimu alirudi. Alikuwa ameniletea kadi yenye ua moja la rangi ya chungwa. Petali zilikuwa tano. Moja ilikuwa imefumuka. Nilimwomba aguse kidole cha mwisho kwa gumba, akagusa.

Niliona haya, na jioni ile nikanunua karatasi. Ningekuwa na busara ya mgonjwa wangu ningefanya nusu saa kwa siku. Badala yake, dada yangu alipokuwa akijiandaa kuolewa, nilijitolea kutengeneza kadi 40 za mezani. Nilizimaliza kwa usiku tatu. Asubuhi ya nne sikuweza kufungua mfuniko wa chupa ya maji. Maumivu yalikuwa upande wa gumba, juu kidogo ya kifundo, na yalipanda mkono kila nilipoinua kikombe.

Ugonjwa huo ulielezwa na daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, mwaka 1895, na bado unabeba jina lake. Kano mbili zinazoinua gumba hupita kwenye mfereji mwembamba kwenye kifundo. Zikitumiwa mno kwa kubana na kuzungusha, mfereji huo huwa mnene na kuzibana. Akina mama wanaoinua watoto wachanga huupata sana. Unaweza kujipima: kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali kwenye ukingo wa gumba huashiria ugonjwa huu, ingawa daktari ndiye wa kuthibitisha.

Tiba yake kwanza ni kupumzisha mkono, na mara nyingi kuvaa kigango kinachozuia gumba lisisogee kwa wiki kadhaa. Usipopata nafuu, daktari anaweza kukuchoma sindano ya dawa ya kutuliza uvimbe mahali penyewe. Wachache huhitaji upasuaji mdogo. Nakusihi usijiendeshe mwenyewe kwa tembe za diklofenaki au ibuprofeni kutoka duka la dawa wiki baada ya wiki. Tembe hizo huumiza tumbo na figo, na huweza kupandisha shinikizo la damu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au presha asizimeze kabla ya kuuliza.

Mimi nilipona kwa kigango na kwa aibu. Tangu hapo nina saa ya jikoni mezani. Ikilia baada ya dakika 20 natua kifaa, nanyoosha vidole, nazungusha mabega na kutazama dirishani. Na sizidi saa moja kwa siku.

MASWALI YA WASOMAJI

Je, kwilingi hutibu mkono uliopooza kwa kiharusi? Hapana. Tusiipe karatasi sifa isiyo yake. Mwalimu wangu pia alikwenda kwa mtaalamu mara mbili kwa wiki, na muda wenyewe ulimsaidia. Ninachosema ni kwamba alikubali kuutumia mkono wake kila siku kwa sababu kulikuwa na ua la kumaliza, jambo ambalo mpira wangu ulishindwa. Kwa aliyepatwa na kiharusi, na vidole vyake vimeanza kusogea, kazi hii yaweza kuwa sehemu ya mazoezi baada ya kukubaliwa na mtaalamu wa tiba ya kazi. Wataalamu hao hufunzwa hapa hapa nchini, katika chuo cha KMTC, na hospitali nyingi kubwa wanao. Bandika kadi mezani kwa gundi ya karatasi isisogee, mkono dhaifu ukae juu yake kama uzito, ule mzima uviringe. Baadaye mjaribu kubadilishana. Bega likiuma, acha.

Msomaji mmoja ameuliza kama kufanya kazi hii kwa taa hafifu kutampofusha. Hakutampofusha. Mwanga mdogo huchosha macho, huleta maumivu ya kichwa na kuyafanya macho kukauka kwa sababu mtu husahau kupepesa, lakini hauyaharibu. Weka taa upande wa mkono usiofanya kazi ili kivuli kisianguke juu ya utepe, na kazi iwe kiasi cha sentimita 40 kutoka usoni. Kila dakika 20, angalia kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20. Stima ikipotea, lala.

Kilicho muhimu zaidi ni umri. Kuanzia miaka 40 na kitu, lenzi ya jicho hupoteza wepesi wa kujirekebisha kutazama karibu. Wengi hugundua wanapojaribu kutunga uzi kwenye sindano, na siku hizi, wanapojaribu kushika utepe wa milimita 3. Basi hununua miwani ya kusomea barabarani kwa shilingi mia chache na kuona vyema. Sina ugomvi na miwani hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba mchuuzi hapimi presha ya jicho wala kutazama mshipa ulio nyuma yake. Glakoma haiumi, huanza kula uwezo wa kuona pembeni huku katikati kukiwa safi, na kilichopotea hakirudi. Sisi Waafrika huipata zaidi na mapema kuliko wengine. Ukishafika umri wa kuhitaji miwani ya karibu, umefika umri wa kupimwa macho kamili, hasa ikiwa mzazi au ndugu yako ana ugonjwa huo. Aidha, mwenye ugonjwa wa sukari ambaye macho yake huona vyema Jumatatu na ukungu Alhamisi asikimbilie miwani mpya kabla ya kupima sukari.

Ama wagonjwa wa sukari wenye ganzi vidoleni, waweza kuviringa, lakini wembe waachie mtu mwingine. Kidole kisichohisi hujikata bila habari.

Kuhusu gundi: nyeupe ya shule, ile ya maji, yatosha kabisa na haina sumu ya kutajika. Gundi kali ya kubandika papo kwa hapo haina kazi hapa. Watu huja kliniki kope zimeshikamana kwa sababu walijipangusa jicho. Likitokea, usivute wala kukata kope; osha kwa maji mengi ya vuguvugu, funika, nenda hospitali. Wanaotengeneza shanga na kupaka vanishi wafanye hivyo nje au dirishani, kwani mvuke wake huamsha pumu. Mwenye pumu amwachie mwenzake hatua hiyo.

"Mtoto wangu ana miaka minne, naye anataka kushiriki." Mpe tepe za upana wa kidole na penseli ya kuviringia, wewe ukikata. Wa chini ya miaka mitatu asikaribie meza, maana kila kitu huingia mdomoni, na kiviringo kilichobanwa kina ukubwa kamili wa tundu la pua. Mtoto mwenye kamasi ya uvundo upande mmoja tu wa pua ana kitu humo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usichokoe kwa pini wala kibanio. Utakisukuma ndani zaidi. Mlete.

Wa mwisho ni karani wa ofisi anayesema mkono humfa ganzi usiku, gumba na vidole viwili vinavyofuata, mpaka aamke na kuukung'uta. Anauliza kama kwilingi itamsaidia. Bwana, huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo, na kubana vijikaratasi kutauongezea taabu. Wajawazito hupata hali hii pia, na kwao mara nyingi huisha baada ya kujifungua. Anza kwa kulala na kigango kinachonyoosha kifundo na upunguze kazi za kubana. Ukiona nyama iliyo chini ya gumba inanywea, au unaangusha vitu, usingoje. Mshipa uliobanwa kwa muda mrefu hauamki wote.

Mwalimu, kwa wanaoulizia, hakuipata tena sahihi yake ya zamani. Herufi ya kwanza ilikataa kuzunguka kama ilivyokuwa. Alijizoeza nyingine fupi zaidi nyuma ya karatasi za mjukuu wake, akaenda benki na kitambulisho chake, akajaza fomu ya kubadilisha, na mwezi uliofuata akalipwa.